Kona Moja ya Amarillo na Mabati ya Mama

Najua nimekuwa kimya sana humu, na wengine mmefikia kuniuliza kwenye simu kama bado nipo hai. Nipo jamani. Mimi mzima, mama watoto mzima, na binti yetu mzima, ingawa kuhusu huyu wa mwisho nina kisa ambacho nimekaa nacho moyoni tangu Agosti mwaka jana.

Kwanza nijibu maneno ya mitaani. Nimesikia kwamba huko Tukuyu na Dar kuna habari tatu zinazunguka. Ya kwanza, kwamba nimefulia. Ya pili, kwamba siku hizi nalala kwenye tela. Ya tatu, kwamba pesa ya mabati ya nyumba ya mama nilinunulia chuma cha gari. Ya kwanza si kweli, ingawa kuna wiki ilikaribia kuwa kweli. Ya pili ni kweli. Ya tatu nayo ni kweli, na ndiyo nimekaa leo kuieleza. Mjomba, najua wewe ndiye umekasirika kuliko wote. Naomba usome mpaka mwisho ndipo unipigie.

Haya, tuanze na tela. Kama mnavyojua, mama watoto ni nesi wa mikataba. Hospitali yenye upungufu wa manesi inamchukua kwa wiki 13, zikiisha tunahamia mji mwingine. Mshahara ni mzuri kuliko alipokuwa sehemu moja, lakini pesa yote ilikuwa inaishia kwenye kodi za nyumba, maana hapa ukitaka kukaa miezi mitatu tu wenye nyumba wanakukamua kweli kweli. Ndipo tukaamua kununua tela la kuishi. Msicheke. Lina chumba cha kulala, jiko, choo, bafu na kitanda cha binti, futi 30 kwa urefu. Kila mji una viwanja vya kukodi vyenye bomba la maji, umeme na shimo la maji machafu. Unafika, unaegesha, unachomeka, umeshakuwa mkazi.

Sasa matela haya yapo ya aina mbili kubwa. Moja linavutwa na mpira wa chuma ulio nyuma kwenye bampa. Jingine linakaa JUU ya gari lenyewe: sehemu yake ya mbele inapanda juu ya bodi ya pikapu, na pini nene inashuka kuingia kwenye chuma kilichofungwa katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma. Wenyeji wanaliita tela la gurudumu la tano. Jina limetoka zamani za magari ya farasi, ambapo palikuwa na duara la chuma limelala juu ya ekseli ya mbele ili magurudumu yaweze kukata kona. Gari lina magurudumu manne, lile duara likaitwa la tano. Baadaye malori yakarithi kitu kile kile. Mwaka 1914 huko Detroit, mhunzi mmoja aliyeitwa August Fruehauf alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kubebea mashua yake, likavutwa na gari dogo la Ford Model T. Ni mmoja wa mababu wa semi mnazopishana nazo barabara ya Tunduma.

Hapo ndipo kiburi changu kilipoanzia. Mnajua mzee wetu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa semi miaka yote. Likizo za shule nilikuwa utingo wake, Dar mpaka Tunduma na kurudi. Kile chuma kilicholala nyuma ya kichwa cha semi, kinachopakwa grisi nyeusi, nilikijua kabla sijajua kunyoa ndevu. (Humu nitakiita sahani, kwa kuwa kimekaa kama sahani iliyokatwa mdomo mmoja.) Kwa hiyo tulipopata tela nikasema moyoni, mimi tena? Mtoto wa dereva? Nikanunua sahani ya mtumba kwa mtu binafsi, dola 250, ya kawaida, isiyosogea. Muuzaji aliangalia pikapu yangu akasema, "Hiyo bodi ni fupi, uwe mwangalifu kwenye kona." Nikamwambia sawa. Nikalipa nikaondoka.

Hilo neno "bodi fupi" ndilo lilitakiwa kunisimamisha. Pikapu yetu ni Ford F-250, yenye milango minne ili binti apate pa kukaa nyuma. Gari hilo lina bodi ndefu ya futi 8 na bodi fupi ya futi 6 na robo tatu. Yetu ni fupi. Kwa kupakia mahindi tofauti hiyo ni gunia chache tu. Kwa kuvuta tela la namna hii ni habari nyingine kabisa, na nilikuja kuielewa Amarillo.

Tulitoka Houston kwenda Amarillo, maili kama 600, karibu sawa na Dar mpaka Tunduma. Tulisafiri siku mbili. Barabarani tela lilitulia kama limebandikwa, na nilikuwa nasimulia habari za mlima Kitonga mpaka mama watoto akaomba nipumzike. Tukaingia kwenye uwanja wa kukodi jua linazama, upepo wa kule unavuma kama umetumwa. Nafasi yetu ilikuwa mwisho wa mstari, lazima uingie kinyumenyume kwa kukunja sana. Mama watoto akashuka na tochi, akasimama nyuma kabisa ya tela ili asiniache nigonge nguzo ya umeme. Binti, ana miaka 7, alibaki kiti cha nyuma anachora.

Nikakunja usukani, nikarudi. Macho yangu yapo kwenye kioo cha pembeni, naangalia nyuma. Mama watoto anaangalia nyuma. Watu wawili wazima, macho manne, yote nyuma. Hakuna aliyeangalia pale mbele, ambapo pembe ya tela ilikuwa inaijia kabini yetu taratibu. Nikasikia kitu kama tawi linakatika. Halafu kioo chote cha nyuma kikamwagika ndani, vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe, juu ya kichwa cha mtoto wangu.

Hakulia mara moja. Aliniita tu, "Baba?" kwa sauti ya kuuliza. Ile sauti ninaisikia mpaka leo.

Tunashukuru kioo cha nyuma kimetengenezwa ili kikivunjika kitoe punje badala ya mapanga. Alipata michubuko shingoni na mmoja nyuma ya sikio. Mama yake alimkalisha kwenye ngazi ya tela, akamtoa punje moja moja kwa kibanio mpaka saa nne usiku. Hakunisemesha. Mnamjua akiwa na hasira anapiga kelele. Siku ile alikuwa kimya, na afadhali angepiga kelele.

Asubuhi nilichukua futi nikapima kitu ambacho nilitakiwa kupima kabla sijatoa hata dola moja. Kutoka katikati ya pini mpaka ukuta wa nyuma wa kabini: inchi 40. Upana wa tela letu: inchi 96. Nusu yake ni 48. Basi hesabu ya darasa la tatu: tela likigeuka likawa limekaa kama herufi L na gari, nusu ya upana wake inaelekea kabini. Inchi 48 haziingii kwenye 40. Zinaingia kwenye kioo. Mwenye bodi ya futi 8 anaweka pini mbali zaidi na kabini, anakata kona yake anakwenda zake. Kichwa cha semi ya mzee nacho kilitengenezwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani, nyuma ya kabini hakuna bodi, nafasi imepimwa. Mimi nilichukua ujuzi wa gari moja nikauvisha gari jingine.

Na msidhani unaweza tu kufunga sahani nyuma zaidi moja kwa moja. Uzito wa pini unatakiwa kukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ukiuweka nyuma ya ekseli, mkia wa gari unashuka na mbele kunakuwa kwepesi, usukani unapoteza mshiko. Kwenye mwendo wa barabara kuu hiyo ni kutafuta msiba. Kwa hiyo unataka pini ikae mbele ukiwa safarini, na irudi nyuma ukiwa unakata kona kali. Vitu viwili vinavyopingana. Ndiyo maana watu wa bodi fupi wana vyuma vyao.

Nilitumia wiki tatu kuvisoma na kuwauliza majirani wa pale uwanjani, wengi wazee wastaafu wenye muda wa kuongea kuliko sisi. Nawaeleza kwa kifupi, maana nataka mwelewe pesa ilikwenda wapi.

Cha kwanza ni sahani ya kuteleza kwa mkono. Ukikaribia kona kali unasimama gari likiwa limenyooka, unaweka vigingi kwenye matairi ya tela, unavuta wenzo, unabana breki za tela peke yake, unasogeza gari mbele polepole mpaka sahani iteleze nyuma kama inchi 12 na ijifunge. Hapo 40 inakuwa 52, kona unakata. Ukimaliza unafanya yote hayo kinyume ndipo uingie barabarani. Niliiona kwa dola 1,000.

Cha pili ni sahani inayojisogeza yenyewe. Kwenye tela unafunga bamba linaloikamata pini isizunguke, kwa hiyo tela likigeuka linaigeuza sahani, na sahani ikigeuka inatambaa nyuma kwenye njia yake. Ukinyoosha gari inarudi mbele. Huvuti wenzo, hushuki kuweka kigingi. Hii pamoja na kufungwa ilikuwa dola 2,600.

Cha tatu hakikai kwenye gari. Unabadilisha lile sanduku la chuma linaloshika pini kule mbele ya tela, unaweka linalozunguka karibu futi 2 nyuma ya pini. Ni wazo zuri, ila lazima lioane na sahani yako na chasisi ya tela. Fundi alipopima letu akatikisa kichwa.

Kuna na cha nne, shingo ndefu inayokwenda kukaa kwenye mpira sakafuni mwa bodi. Ni chepesi na bei yake ndogo. Lakini shingo ndefu ni mtaimbo, inalisumbua sana fremu la tela, na kitabu cha tela letu kilikataza wazi.

Zikabaki mbili, ya mkono na ya kujisogeza. Mjomba, hapa ndipo utasema ningechukua ya dola 1,000 na nyingine nitume nyumbani. Nami nilisema hivyo hivyo wiki nzima. Halafu nikaanza kujiuliza nani ataiendesha. Ile ya mkono haina kosa lolote, inamtaka tu mtu anayekumbuka. Lazima uijue kona kabla hujaifikia, maana ukishajikunja humo ndani ni shida kuitelezesha. Je, jioni nimechoka, mvua inanyesha, kituo cha mafuta kimejaa na watu wananipigia honi nyuma, nitashuka kuweka vigingi? Na mama watoto akitoka zamu ya usiku akaomba aendeshe yeye, atashuka? Ninajijua. Ni mtu yule yule aliyeambiwa "uwe mwangalifu kwenye kona" akajibu sawa.

Ila ile ya kujisogeza ina uzito, karibu paundi 300. Ikabidi nirudi kwenye daftari. Ubavuni mwa mlango wa dereva kuna karatasi ya manjano na nyeupe inayosema gari lako hasa libebe kiasi gani, abiria pamoja na mzigo. Yangu inasema paundi 3,180. Watu wengi wanasoma tu uzito ambao gari linaweza KUVUTA, kwenye matangazo, namba kubwa ya kupendeza. Tela la namna hii halivutwi tu, linabebwa pia. Kama sehemu moja ya tano ya uzito wake inalala kwenye mgongo wa gari. Tela letu likipakiwa ni paundi 11,000, karibu tani 5, kwa hiyo pini ni 2,200, karibu kilo 1,000. Ongeza 300 za sahani. Ongeza sisi watatu, 420. Zinabaki 260 kwa vyombo vya kazi na makorokoro. Nilikwenda kwenye mizani ya malori kuhakikisha, nikamkumbuka mzee alivyokuwa anabadilika sura tukikaribia mizani ya Kibaha. Tulipita, lakini ilibidi jenereta na mawe yangu ya mazoezi yauzwe. Ukiwa na pikapu ndogo zaidi, hesabu hiyo isingekubali na ningelazimika kufikiri upya.

Ikabaki pesa. Benki nilikuwa na dola 2,000, na mnajua zilikuwa za nini. Mvua za Tukuyu haziombi ruhusa, Novemba zinaanza. Paa la nyumba ya mama limeoza tangu mwaka juzi, na mimi ndiye niliyesema msihangaike, nitaezeka.

Nilimpigia mama Oktoba mwanzoni. Nilizunguka sana, nikauliza habari za migomba, za ng'ombe, za majirani, mpaka akasema, "Mwanangu, sema ulichopigia." Nikamwambia mabati hayatawahi mvua. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote huko nyumbani.

"Mtoto ameumia wapi?"

"Shingoni, mama. Kidogo. Amepona."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye usukani."

"Hukushuka?"

Nikakaa kimya. Sikushuka. Nimewaeleza hapa habari za inchi na paundi, lakini swali la kwanza la mama halikuwa kuhusu inchi.

Akasema, "Baba yako alikuwa anashuka. Hata hapa uwanjani kwake, gari analijua, uwanja anaujua, giza limeingia na njaa inamuuma, alikuwa anashuka anazunguka gari lote ndipo anapanda. Wewe ulikuwa naye. Hukuona?"

Niliona, mama. Nilidhani ni uzee.

Kisha akasema, "Nunua hicho chuma. Nyumba nitaweka ndoo. Lakini kushuka hakitakushukia."

Nikanunua. Fundi alifunga kwa siku moja, reli zikakazwa kwa bolti mpaka kwenye chasisi. Mdogo wangu alikuja kuniambia baadaye, maana mama hakusema, kwamba Novemba na Desemba alihamishia kitanda jikoni kwa sababu chumbani ndoo zilikuwa tano. Pesa nilituma Januari, Februari mabati yakapanda. Sitaki kuwaambia kwamba nilifanya sawa. Mama yangu mwenye miaka 71 alilala jikoni kwa sababu mimi nilinunua sahani ya dola 250 bila kupima. Kama ningepima siku ya kwanza, ningenunua chuma sahihi mara moja kabla sijaanza kuweka pesa ya mabati, na kioo kingekuwa kizima. Hilo deni ni langu, halina uhusiano na Amarillo wala upepo.

Tangu hapo tumehama mara mbili na kona nimekata nyingi. Sahani inatambaa nyuma taratibu, nasikia mlio wake chini, na pembe ya tela inapita mbali na kioo kwa upana wa kiganja. Mara ya kwanza nilifumba macho, sidanganyi.

Lakini nashuka. Kila tukifunga tela nashuka na tochi kuangalia kama taya za sahani zimeikamata pini kweli, zisiwe zimefunga juu juu. Kisha nabana breki za tela na kujaribu kuvuta kidogo miguu yake ikiwa bado iko chini, ili kama haijashika, liangukie miguu yake na siyo bodi yangu. Halafu waya wa umeme, kamba ya breki ya dharura, mlango wa nyuma wa bodi. Na kila uwanja tukiingia nashuka tena, nazunguka lote, hata kama nyuma yangu kuna foleni.

Binti anashuka na mimi. Yeye ndiye anashika tochi, na ameshajua kuuliza, "Baba, umeangalia mbele?" Nimemwambia kazi hiyo kwa babu yake iliitwa utingo. Amelipenda jina, ameliandika kwenye daftari lake la shule, na mwalimu ametuuliza maana yake.

Mama, ukisomewa hii, mkataba huu ukiisha Juni natuma pesa ya dari. Hiyo sitaigusa.

Mjomba, sasa unaweza kunipigia. Jioni ya kwenu nakuwa macho.

Tuonane tena panapo majaliwa.